Mwalimu wa Viapo

Kule Umoja, katika kanisa moja lililo nyuma ya soko, ukitaka kufunga ndoa ulipitia kwanza mikononi mwa Mzee Kyule Nzomo. Hapakuwa na njia ya mkato. Kila Jumamosi mchana uliketi na mchumba wako kwenye viti vya plastiki katika chumba cha watoto wa shule ya Jumapili, safina ya Nuhu imechorwa ukutani nyuma yenu, na Mzee Kyule akawafafanulia kiapo cha ndoa neno kwa neno, kama mtu anayechambua mchele.

"Salamu unaitoa na kwenda zako," alizoea kuwaambia. "Kiapo unakitoa na kubaki nacho."

Watu walimpenda. Alikuwa dereva wa lori la mkate, mtu mrefu, mkimya, mwenye sauti nzito iliyofaa kusomea Maandiko. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa kwa cheo na kwa mwenendo. Na tangu mkewe alipopatwa na kiharusi, watu walizidi kumheshimu. "Mwone Mzee Kyule," akina mama walinong'onezana nje ya mlango baada ya ibada. "Mke yuko kitandani, lakini yeye kanisani hakosi."

Kweli hakukosa. Kamati ya ujenzi ilimwona, maombi ya katikati ya wiki yalimwona, na hata jioni ambazo hazikuwa na shughuli yoyote alipatikana pale akikaza skrubu za viti au akimsaidia mlinzi kufagia uwanja. Alitoka kazini alasiri, akaoga, akabadilisha shati, akanywa chai amesimama, kisha akaenda.

Sasa huyo mkewe, Wavinya, alikuwa mtu wa namna gani? Alikuwa msusi. Kibanda chake kilikuwa karibu na soko, na wanawake wa Umoja walikuja kwake kwa ajili ya nywele, lakini zaidi kwa ajili ya mdomo wake. Wavinya alijua nani amehama, nani amerudiana na nani, na ni mama gani wa kwaya anayeimba huku amefunga macho kwa sababu hajui maneno. Jioni alizibeba habari hizo nyumbani kama mtu anavyobeba mboga, akaziandaa mezani, na Kyule akala akisikiliza. Ndivyo ndoa yao ilivyokuwa tangu siku walipovishana pete kule Mwala: kazi ya kuongea ilikuwa ya Wavinya, kazi ya kusikiliza ilikuwa ya Kyule, na hakuna aliyemwonea mwenzake wivu.

Asubuhi moja ya baridi ya Julai, Wavinya akiwa amesuka nusu ya kichwa cha msichana aitwaye Kanyiva, kitana kilimponyoka mkononi. Aliinama kukiokota, asiinuke tena. Kanyiva ndiye aliyemshika, ndiye aliyeita watu, na ndiye aliyeandamana naye hospitalini, nusu ya nywele zake zimesukwa na nusu zimesimama. Wavinya hakufa. Lakini upande wa kulia ulilala, mdomo ulipinda, na maneno yake, yale maneno yake yote, yalivunjika vipande vipande. Akitaka kusema jambo ilibidi alitafute kwanza kama mtu anayepapasa sarafu gizani, na mara nyingi alichopata ni mwanzo wa neno tu.

Kyule alifanya yale ambayo mwanamume hufanya. Aliwaona madaktari, akanunua kiti cha magurudumu, akamtafuta mtu wa kumtunza. Akampata Nabwire, mjane kutoka Busia, mwanamke mwenye mikono imara na moyo uliotulia. Kabla Nabwire hajafika, Kyule alijaribu mara moja kumwogesha mkewe mwenyewe. Alileta beseni, akachovya kitambaa, akamgusa begani, na Wavinya akaanza kulia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalimtiririka tu, upande mmoja wa uso ukiwa umekunjamana na upande mwingine umetulia kana kwamba haumhusu. Kyule aliweka kitambaa chini, akatoka nje, akasimama langoni mpaka maji yakapoa. Hakujaribu tena. Alijiambia kwamba hayo ni mambo ya wanawake.

Halafu akahamia chumba cha binti yao Syombua, ambaye ameolewa Eldoret, ili mgonjwa apumzike vizuri. Halafu Nabwire alipouliza kuhusu nywele za mama zilizokuwa zinajifunga mafundo, akasema, "Zinyoe tu. Itakuwa rahisi." Nabwire alimtazama kidogo, kisha akatafuta mkasi.

Kwa hiyo kila alasiri, akiwa tayari amevaa shati safi na Biblia kwapani, Kyule aliingia chumbani kumuaga mkewe.

"Mama Syombua, umeshindaje?"

Wavinya alimkazia macho. Midomo yake ilihangaika. "Ka…" alisema. "Ka…"

"Ndiyo, naenda kanisani," Kyule alijibu kwa upole. "Nitakutaja kwenye maombi."

Wavinya aligeuza uso ukutani. Kyule alidhani amechoka, akafunga mlango polepole asimsumbue.

Mambo yaliendelea hivyo hadi mwaka ukageuka. Kisha Kanyiva akapata mchumba, fundi wa friji wa Kariobangi jina lake Maingi, na wote wawili wakaja kuketi kwenye viti vya plastiki mbele ya safina ya Nuhu.

Maingi alikuwa kijana wa kucheka upesi, mikono yake haiishi alama za grisi. Kanyiva hakuwa mwanafunzi wa kuitikia tu. Siku Mzee Kyule alipofika kwenye maneno "katika afya na katika ugonjwa", alieleza kama kawaida yake kuhusu uaminifu na uvumilivu, na sauti yake ilikuwa nzuri kuisikiliza. Alipomaliza Kanyiva aliinua mkono.

"Mzee, naomba kuuliza. Hapo kwenye ugonjwa. Mtu hufanya nini hasa?"

"Huvumilia, binti yangu. Hubaki mwaminifu."

"Hiyo nimeelewa. Nauliza siku yenyewe. Ukiamka asubuhi na mwenzako ni mgonjwa, wewe unafanya nini?"

Maingi alimkanyaga mguu chini ya kiti, lakini Kanyiva hakuwa na ubaya. Alikuwa anataka kujua. Mzee Kyule alifungua mdomo. Mbele ya macho yake liliibuka beseni lenye maji yanayopoa. Alisema kitu kuhusu neema ya Mungu inayotosha kwa kila siku, akatazama saa, akafunga darasa kwa sala.

Walipokuwa wakitoka, Kanyiva alisema, "Mzee, mama yuko nyumbani siku zote? Sijamwona tangu ile siku ya hospitali. Nilikuwa naogopa. Twaweza kuja kumsalimu?"

"Karibuni," alisema Kyule. Ni neno ambalo mtu hulisema.

Lakini hao wawili walikuwa bado vijana, na walilichukua kama lilivyo. Wiki iliyofuata, siku ya kamati ya ujenzi, Kyule alifika kanisani akakuta mlango umefungwa. Mwenyekiti alikuwa amesafiri na habari haikumfikia. Alizunguka uwanja akitafuta kiti cha kukaza, asione hata kimoja kinachocheza. Mlinzi alikuwa amekwisha fagia. Akakaa kidogo kwenye ngazi, akaona haya kuonekana amekaa bila kazi, akarudi nyumbani.

Alipofungua lango alisikia kicheko, akasimama.

Kilikuwa kimebadilika. Zamani kilikuwa kicheko cha kujaza kibanda, na sasa kilikuwa kinakwama na kutoka kwa mikupuo kama maji kwenye bomba lililokatiwa. Lakini alikijua. Tangu Julai ile hakuwa amekisikia, na jambo lililomchoma, amesimama pale na Biblia kwapani, ni kwamba hakuwa amegundua kwamba hakisikii.

Akaingia. Wavinya alikuwa sebuleni kwenye kiti chake, amegeuzwa kuelekea dirishani. Kanyiva alikuwa nyuma yake akimfunga kilemba cha kitenge chenye maua ya manjano, na Maingi alikuwa ameketi sakafuni akimenya njugu karanga na kumwekea mama katika kiganja cha kushoto.

"Nilikuwa namkumbusha," Kanyiva alimweleza Mzee, bado akitabasamu. "Nimemwambia, mama, hadi leo kichwa changu ni nusu. Umeniacha nikaingia hospitali kubwa kama jogoo aliyenyonyolewa upande mmoja. Daktari akawa hajui mgonjwa ni nani."

Wavinya alicheka tena. Kisha akamwona mumewe, na kicheko kikazimika.

Kyule alisalimu, akakaribisha wageni kwa maneno yote yanayofaa. Baada ya hapo hakujua la kufanya. Ile sebule ilikuwa yake, lakini alisimama katikati yake kama mtu aliyekuja kusoma mita ya stima. Akafikiri kwamba huenda mchungaji yuko ofisini, kwamba huenda kuna jambo la kusaidia. Akasogea mlangoni.

"Ka…" Wavinya alisema. "Ka…"

"Ndiyo, mama Syombua, acha nirudi kanisani kidogo. Ninyi endeleeni."

"Mzee," Kanyiva alisema. Pini ya kilemba ilikuwa katikati ya meno yake, akaitoa. Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayemsahihisha mzazi jina la mgeni. "Hasemi kanisa. Anasema kaa. Hata mimi ameniambia hivyo nilipoinuka kuaga."

Maingi aliacha kumenya. Kyule alimtazama mkewe, na Wavinya alikuwa akimtazama yeye, jicho moja wazi kabisa na jingine limelegea, na katika macho hayo mawili hapakuwa na lawama. Lawama angeweza kuivumilia. Mkewe alikuwa amechoka tu kusema neno lile lile moja.

"Kaa," alisema Wavinya, safari hii lote.

Kyule aliweka Biblia juu ya runinga, akavuta kiti, akakaa.

Wageni walipoondoka alikwenda jikoni. Nabwire alikuwa akichagua maharagwe kwenye ungo, mgongo wake umemwelekea.

"Ulikuwa unajua?" Kyule aliuliza.

"Nilijua, mzee."

"Mbona hukuniambia?"

Nabwire alitupa jiwe dogo dirishani. "Mzee ni mzee wa kanisa. Mimi ni nani nikuambie usiende kanisani?"

Kyule aliegemea mlango akatazama mikono ya yule mama ikipita katika maharagwe. Mwishowe alisema, "Nifundishe kumwogesha."

Nabwire aligeuka, akampima kwa macho kuanzia viatu hadi kichwani. "Kesho," alisema. "Kwanza ukakate kucha."

Mtu angedhani kuanzia hapo mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Siku ya kwanza maji yalikuwa moto kupita kiasi. Siku ya pili sabuni iliingia jichoni, na Wavinya akampiga kofi la kifuani kwa mkono wa kushoto, mkono ambao ulikuwa umepata nguvu za mikono miwili. Siku ya tatu alikataa kabisa. Alikaza mwili kitandani, akasema jina moja kwa vipande vitatu, "Na-bwi-re," na alipomwona Kyule bado amesimama na taulo, akalirudia.

Kyule alitoka, akakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, taulo mapajani. Nabwire alipomaliza kumwogesha mama alikuja akasimama nyuma yake.

"Ana hasira na mimi," Kyule alisema.

"Ana haki," Nabwire akasema. "Lakini mtu hamkasirikii mtu ambaye hamtaki. Kesho uje tena."

Jioni hiyo alikwenda kumwona Mchungaji Mulongo, akamwomba amwachilie darasa la ndoa na kamati ya ujenzi. Mchungaji alikuwa mtu mwema na mwenye haraka, simu yake haikomi kutetemeka mezani. Akaigeuza kifudifudi.

"Mzee wangu, darasa nitampa nani? Watu wanajifunza uvumilivu kwako."

"Mchungaji, wanajifunza kwa mtu ambaye hayuko nyumbani kwake."

"Umekuwa ukimtumikia Mungu."

"Nilikuwa najificha kwake," alisema Kyule. Alishangaa jinsi maneno hayo yalivyotoka bila kupapasa. "Niliahidi mbele yake kwamba nitakaa na mtu. Kila siku huyo mtu ananiomba nikae, nami nakimbilia kwa Mungu yule yule niliyeahidi mbele yake. Sidhani anafurahi akiniona."

Mchungaji Mulongo alitazama dirishani, ambako mtu alikuwa akijaribu bila mafanikio kuwasha pikipiki. "Mimi nilimwambia mama Syombua nitakuja kumwona kabla ya Pasaka," alisema. "Pasaka imepita." Halafu akasema, "Enda nyumbani, mzee. Darasa tutaliangalia."

Kwa hiyo Kyule akabaki na alasiri zake tupu, na mke ambaye hakutaka kuguswa naye. Alikaa. Hilo aliliweza, kukaa. Alileta kiti kando ya kitanda, akakaa, na kimya kikakaa pamoja nao kama mgeni wa tatu asiyejua kuaga. Hapo ndipo alipoelewa ni kitu gani hasa kilichokuwa kikimfukuza kila siku. Ugonjwa ulikuwa sehemu yake, lakini zaidi kilikuwa hiki kimya. Wavinya ndiye aliyekuwa akikijaza, na tangu kile kitana kilipomponyoka hakuna aliyeshika zamu.

Siku moja, kwa kukosa jingine, alisema, "Leo kule Kariobangi kuku ameingia dukani kwa mama Everline."

Wavinya hakugeuka.

"Amepanda juu ya mkate. Mama Everline anamfukuza na ufagio, na mteja mmoja anasema, mama, mwache, atataga na tupate mkate na mayai pamoja." Alijua hakuisimulia vizuri. Wavinya angeweka sauti ya mama Everline, angeweka sauti ya kuku mwenyewe.

Wavinya alikuwa ameanza kugeuza kichwa polepole. "Ra… rangi," alisema.

"Rangi gani?"

Alimtazama kama mtu anavyomtazama mtoto mzito wa kuelewa. "Ku-ku."

Kyule alifikiri. Hakuwa ameangalia. "Sijui," alikiri.

Wavinya alifumba macho, akatoa pumzi ndefu kwa pua. Kyule aliijua vizuri pumzi hiyo. Zamani ilikuwa pumzi ya Wavinya akisimuliwa habari na mtu asiyejua kusimulia.

Kesho yake aliporudi alianza kabla hata hajaketi. "Ni mwekundu. Shingo haina manyoya. Nimeuliza, si wake, ni wa fundi viatu wa jirani, na wamegombana, na sasa mama Everline anasema viatu vyake atashonesha Dandora."

Sehemu ile ya mdomo iliyokuwa hai ilipanda kidogo.

Tangu siku hiyo Kyule aliendesha lori lake kwa macho mengine. Mtu ambaye kwa miaka alipita madukani akishusha kreti na kusema "sawa" na "asante" sasa alianza kuuliza. Alijua mtoto wa nani amepita mtihani, na kwa nini yule mwenye duka la kona amenyoa ndevu. Wenye maduka walishangaa. Wengine walidhani anagombea kiti cha udiwani. Alirudi nyumbani na mzigo wake, akauweka mbele ya Wavinya, akausimulia vibaya, na Wavinya akamsahihisha kwa nusu neno, kwa kidole, kwa jicho. Kidogo kidogo nusu maneno yakawa mengi zaidi. Daktari wa mazoezi alisema kuongea humsaidia. Kyule aliwaza ni nani kati yao anayefundishwa kuongea.

Siku Wavinya alipokubali kuogeshwa naye hapakuwa na tangazo. Nabwire alikuwa ameshika beseni, Kyule yuko katikati ya habari ya ndevu, na Wavinya akaonyesha kwa kidole: beseni mikononi mwa Nabwire, kisha Kyule. Nabwire alimkabidhi, akatoka, akafunga mlango. Kyule aliendelea kusimulia, kwa maana aliogopa kunyamaza. Alipitisha kitambaa shingoni, mabegani, chini ya mkono uliolala ambao ulikuwa mzito na wenye joto. Maji yalikuwa sawa. Wavinya alilia tena, kama mara ile ya kwanza.

Kyule alikatiza hadithi yake. Mkono ulitaka kuweka kitambaa chini. Aliona mlango ulivyo karibu.

"Nipo," alisema. "Lia tu. Sitoki."

Alilia mpaka alipomaliza. Kisha akaonyesha mgongo wake, kwa maana ulikuwa bado haujaoshwa.

Usiku huo alirudisha mto wake kutoka chumba cha Syombua. Nabwire alipouona asubuhi alisema tu kwamba sasa kutakuwa na shuka chache za kufua.

Kanyiva na Maingi walifunga ndoa mwezi wa Desemba, na hawakutaka wasimamizi wengine isipokuwa Mzee Kyule na mkewe. Kyule alimwambia Kanyiva afikirie vizuri, kwamba mama ana siku nzuri na siku mbaya. Kanyiva alisema hata yeye ana siku mbaya, amwulize Maingi. Ratiba iliandikwa kwamba baada ya viapo Mzee atatoa nasaha, na watu wengi walikuja wakiwa na hamu ya kumsikia tena, kwa maana yule aliyechukua darasa alikuwa mzuri lakini hakuwa na ile sauti.

Kwa Wavinya ilikuwa mara ya kwanza kuonekana kanisani tangu augue. Nywele zilikuwa zimekua kiasi cha kusukwa mistari midogo, na Kanyiva alikuja siku moja kabla akamsuka yeye mwenyewe, huku Wavinya akimwongoza kwa kidole cha kushoto na kumgonga mkono akikosea. Alivaa gauni la kijani. Kyule alimsukuma kwenye kiti chake akipita katikati ya kanisa, na vichwa viligeuka. Zamani angeona haya, si kwa ajili yake mwenyewe bali kwa ajili ya Wavinya, au hivyo ndivyo alivyojidanganya. Sasa alitembea polepole ili watu wamwone vizuri.

Mchungaji Mulongo alikuwa amewasimamisha maharusi tayari, na Maingi jasho linamtoka kama amebeba friji, Wavinya alipomshika Kyule mkono wa koti. Kyule aliinama.

"Cho-o," Wavinya alinong'ona. Kisha akaongeza, macho yakiwa chini, "Nime…"

Kyule aliona doa likienea kwenye kijani cha gauni. Hakusubiri. Alivua koti lake, akamfunika mapajani, akageuza kiti, na wakatoka kwa mlango wa pembeni. Gurudumu lilipiga kelele kwenye sakafu. Mchungaji alinyamaza kidogo mpaka wapite, kisha akaendelea.

Nyuma ya kanisa kulikuwa na choo na bomba la maji. Kyule alifanya aliyofundishwa. Begi la vitu vya mama alilokuwa amelipanga asubuhi lilikuwa na kanga, nguo ya ndani, kitambaa, sabuni. Alimwinua, akamshikilia kifuani kwake huku akimfuta, Wavinya amemning'inia shingoni kwa mkono mmoja. Kupitia matundu ya juu ya ukuta walisikia sauti ya Maingi ikirudia kiapo baada ya mchungaji, ikitetemeka, ikikosea, ikianza upya. Kisha sauti ya Kanyiva, isiyotetemeka.

Kyule alikuwa anahangaika na fundo la kanga.

"Ku-lia," Wavinya alimwelekeza.

"Nimeona."

Walipomaliza na kanga ikakaa vizuri, alimrudisha kitini, akamsukuma hadi kwenye kivuli cha ukuta, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa ili apumue. Shati lake lilikuwa limelowa. Ndani akina mama walipiga vigelegele, na kinanda kikaanza. Mtu fulani alitangaza kwenye kipaza sauti kwamba sasa ni wakati wa nasaha kutoka kwa Mzee Kyule, akatangaza mara ya pili, halafu pakawa na minong'ono, na mchungaji akasikika akisema kwamba Mzee ameitwa na shughuli yake, tuendelee na wimbo.

"U-me-kosa," Wavinya alisema, akionyesha kanisa kwa kidevu.

"Nimekosa," Kyule alikubali.

"Ungesema… nini?"

Kyule alijaribu kukumbuka. Alikuwa ameiandaa wiki nzima akiwa kwenye lori, na ilikuwa na vipengele. "Sijui," alisema. "Ilikuwa ndefu."

Wavinya alicheka kile kicheko chake cha mikupuo. Alinyoosha mkono wa kushoto, akamfuta tone la maji kwenye ndevu, na mkono ukakaa hapo shavuni mwake kidogo. Upepo uliwaletea harufu ya pilau kutoka kwenye hema lililokuwa uwanjani.

"Njaa," alisema Wavinya, neno zima, bila kulipapasa.

"Wacha wamalize wimbo."

"Sa-hii."

Kyule aliinuka, akaurudisha mkono wa kulia wa mkewe vizuri mapajani, akashika kiti, na wakaenda kutafuta sahani kabla foleni haijawa ndefu.